Kayaki na matembezi Ziwa Duluti, nawapa nyota nne

Kama uko Arusha na hujafika Duluti sijui unangoja nini, ni pale Tengeru tu, unashuka barabara ya Moshi unachukua boda. Ziwa ni dogo, la kreta yani shimo la volkano, limezungukwa na msitu wa hifadhi afu nyuma ya msitu ni nyumba za watu na mashamba, kwahiyo mvua ikipiga uchafu wa huko juu unateremkia ziwani. Kijana aliyetuongoza alilielezea hili vizuri mno, kwamba ule msitu mwembamba na mafunjo ya ukingoni ndo chujio lenyewe, ukifyeka tu matope na mbolea vinaingia majini, mwani unajaa na samaki wanakosa hewa.

Kayaki ni kasia tu hamna injini, hapo nimewapenda, tulimsogelea kenge kabisa wala hakushtuka!

Nyota moja nimekata, unahubiri mazingira halafu maji unatugawia kwenye vichupa vya plastiki jamani?? Wekeni dumu watu wajaze chupa zao. Bei fresh ila ulizeni mapema kama kiingilio cha msitu kimo. Na vaeni raba, njia inateleza balaa.