Refraktomita ya mkono kwa tangi la matumbawe

Refraktomita, kifaa kinachopima chumvi ya maji kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani yake, inunue kabla ya kufikiria taa za bei mbaya. Kile kipimo cha plastiki chenye mshale hudanganya: viputo vya hewa vikinata kwenye mshale, unasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Kwa refraktomita unadondosha matone mawili matatu kwenye kioo, unafunga kifuniko taratibu kisibakize hewa, unasubiri sekunde 30, kisha unachungulia ukielekea kwenye mwanga. Mpaka wa buluu na nyeupe ukae kwenye 35 (gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji), au 1.026 kwenye mizani ya pili, ile ya uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu.

Kasoro? Nyingi zimetengenezwa kupima chumvi ya kawaida, si maji ya bahari yenye magnesi na kalsiamu. Ukiirekebisha kwa maji matamu pekee, inaweza kuonyesha 36.5 palipo na 35, nawe utapunguza chumvi bure. Tumia kimiminika maalumu cha 35 na ugeuze skrubu mpaka mstari ulingane. Rudia kila mwezi, na usisahau kuifuta kioo, maana chumvi ikikaukia pale usomaji unaharibika.

Maji yakipungua kwa mvuke, jazia maji matamu yaliyochujwa. Chumvi yenyewe haikwenda popote.