Kufunga mafaili ya siri ndani ya Emacs kwa GnuPG: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wananitumia sauti, nami nasikiliza na kuandika neno kwa neno, mpaka "eeh" na "yaani" za watu. Maandishi yenyewe hayanisumbui sana, kwa sababu majina tunayatoa. Kinachoninyima usingizi ni faili moja dogo tunaloliita orodha: upande mmoja msimbo wa mshiriki, upande wa pili jina lake, namba ya simu na mtaa anaokaa. Atakayelipata hilo ameyapata mahojiano yote. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kufanya kazi hapa Tanzania, Mei 2023, wanaonipa kazi wameanza kuuliza swali ambalo zamani hawakuwa nalo: hizi taarifa za watu unaziweka wapi?

Naziweka ndani ya Emacs, zimefungwa kwa GnuPG. Emacs ni kihariri cha maandishi cha mradi wa programu huria wa GNU, kipo tangu 1985 na bado kinapokea matoleo mapya. GnuPG ndiyo inayofanya usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo, kwa kufuata kiwango cha OpenPGP kilichotokana na PGP aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991. Kinachoziunganisha ni EasyPG ya Daiki Ueno, ambayo tangu Emacs 23 ya mwaka 2009 inakuja humohumo ndani, husakinishi kitu. Vyote ni bure. Mwenye Linux mara nyingi GnuPG anayo tayari. Mwenye Windows ashushe Gpg4win, ambayo ni GnuPG ya Windows.

Sasa raha yake. Unafungua faili jipya kwa C-x C-f (C ni kitufe cha Ctrl) kama siku zote, unaliita orodha.org.gpg, unaandika. Ukibonyeza C-x C-s linatokea bafa, yaani ukurasa wa ndani ya Emacs, lenye funguo zako zote, na maelezo juu yake: chagua wapokeaji, usipochagua yeyote faili litafungwa kwa nenosiri peke yake. Unapeleka kishale kwenye jina lako, unabonyeza m, kinatokea kinyota, unakwenda kwenye OK, Enter. Kwisha. Kilichoingia kwenye diski ni vurugu isiyosomeka. Kesho ukilifungua unaulizwa nenosiri la ufunguo wako, maandishi yanakuja, na Emacs inaelewa kwamba chini ya ile .gpg kuna faili la Org, mtindo wa Emacs wa kuandika kwa vichwa na majedwali, kwa hiyo majedwali na vichwa vinafanya kazi kama kawaida.

Aliyewahi kufanya kazi hii kwa terminali, yaani kwa kuandika amri, ataelewa kwa nini nasifia. Kule unasimbua, unapata faili la pili lililo wazi, unalihariri, unalisimba upya, halafu lile la wazi linabaki kwenye Downloads likisubiri fundi wa kompyuta alione. Hapa hakuna hatua ya kusahau. Kuhifadhi ndiko kufunga.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea: kufunga kwa ufunguo wa umma, ile sehemu ya ufunguo unayoweza kumpa yeyote, hakuhitaji nenosiri. Nenosiri ni la kufungulia tu, kwa ile sehemu ya siri. Kwa hiyo ninapoandika nahifadhi kila baada ya sentensi mbili tatu na siulizwi chochote. Hili lina umuhimu wake, maana EasyPG huzima uhifadhi wa kiotomatiki kwa mafaili ya .gpg, na inafanya hivyo kwa makusudi, ili maandishi yaliyo wazi yasimwagwe kwenye diski kila baada ya muda. Ni uamuzi sahihi. Lakini sisi tunaofanya kazi umeme ukienda na kurudi, tena kwa laptopu ambayo betri yake ilishachoka, tuseme ukweli: ambacho hukukihifadhi kwa mkono, umeme ukikatika kimekwenda. Vidole vizoee C-x C-s.

Mafaili ya kushirikiana ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu na machungu kwa pamoja. Nina mwenzangu tunayegawana mahojiano. Mara ya kwanza kumtumia orodha akanipigia:

"Kaka, hili faili lako limeoza. Nimefungua naona alama alama tu."

"Halijaoza, dada. Limefungwa. Umelifungulia wapi?"

"Notepad."

Ikabidi atengeneze ufunguo wake, anitumie ule wa umma, nami niuingize kwenye mkungu wangu wa funguo. Kabla ya kuuamini tulisomeana alama za ufunguo kwa simu: herufi na tarakimu 40, katika makundi ya nne nne. Linasikika kama jambo la kipuuzi mpaka ulifanye. B na D kwenye simu ni kitu kimoja, tukaamua F iwe "Fatuma", B iwe "baba", D iwe "dada", tukacheka, tukamaliza. Hapo ndipo unapojua ufunguo ni wake kweli na si wa mtu aliyejipachika katikati. Kihariri hakiwezi kukufanyia hilo, na hakuna programu itakayolifanya kwa niaba yako.

Baada ya hapo, juu kabisa ya orodha tuna mstari mmoja wa epa-file-encrypt-to, mpangilio unaotaja wapokeaji, wenye baruapepe zetu sote wawili, na Emacs haiulizi tena wapokeaji. Tahadhari: jina lako mwenyewe lazima liwemo. Ukimwandika mwenzako peke yake, faili litafungwa kwa ajili yake tu, na wewe uliyeliandika utabaki nje ukibisha. Kwa faili lililokwisha kufungwa kwa watu wawili EasyPG ina adabu. Ukilifungua na kulihifadhi upya inakumbuka wapokeaji walewale.

Sasa funguo zenyewe. Hapa sifa zangu zinapungua.

M-x epa-list-keys (M ni Alt) inakupa bafa zuri la kuziona. Ukisimama kwenye ufunguo ukabonyeza Enter unapata maelezo yake, na herufi pembeni inakwambia hali yake: u ni wako unaouamini kabisa, e umeisha muda, r umebatilishwa. Kutoka hapo unaweza kuingiza ufunguo, kuutoa kwenda kwenye faili, kuufuta. Kwa kutazama na kupanga panatosha. Lakini kutengeneza ufunguo mpya, kuongeza muda wake, kubatilisha, kuongeza ufunguo mdogo, vyote hivyo unarudi kwenye terminali na gpg yenyewe. Yaani kazi ngumu, ile ambayo mtu angehitaji kushikwa mkono, ndiyo kihariri kinakuachia.

Mfano ni muda wa ufunguo. Ukiisha, mafaili ya zamani bado yanafunguka, ila ukijaribu kuhifadhi kitu kipya unakataliwa. Wengi hapo wanadhani data imepotea. Haijapotea, unatakiwa kuongeza muda tu. Tatizo ni kwamba kile unachokiita "ufunguo wangu" kwa kawaida ni funguo mbili: mkuu unaotia sahihi, na mdogo unaofunga mafaili. Ukiongeza muda wa mkuu peke yake, utarudi Emacs na kukataliwa vilevile, na ujumbe wa hitilafu haukuambii kwa nini. Dawa ni amri mbili. Ya kwanza ni gpg --quick-set-expire, ikifuatiwa na alama za ufunguo wako na 1y kwa mwaka mmoja. Ya pili ni hiyohiyo, ukiiongezea mwishoni alama za ule ufunguo mdogo; nyota ndani ya alama za nukuu, '*', inazigusa tu funguo ndogo ambazo bado hazijaisha muda wala kubatilishwa. Kisha umtumie mwenzako ufunguo wa umma upya, kwa sababu kwake bado unasomeka umekufa mpaka auingize tena. Mimi nimeweka kikumbusho kwenye simu wiki kadhaa kabla ya tarehe.

Wakati ufunguo unazaliwa, GnuPG inaandika pia hati ya kuubatilisha kwenye folda ya openpgp-revocs.d, ndani ya .gnupg. Ichapishe, weka pamoja na vyeti vya shule. Ufunguo wa siri nao utoe kwa --export-secret-keys, uuweke kwenye flashi isiyokaa begi moja na laptopu. Laptopu ikiibwa bila hiyo nakala, mafaili yako yote yaliyopo kwenye wingu ni mapambo.

Kuhusu nenosiri. Likishaingizwa linakaa kwa gpg-agent, mtunza nenosiri wa GnuPG, ambaye kwa mpangilio wa kawaida analikumbuka kwa sekunde 600, muda unasogezwa kila ukilitumia, lakini hauvuki saa mbili. Kwa kazi yangu dakika kumi zilikuwa kero, nimeongeza kidogo kwenye gpg-agent.conf, na nikiinuka kwenda kula nafunga skrini. Ukitumia Emacs ndani ya terminali, hasa kwa SSH (kuingia kompyuta nyingine kwa mbali), kile kidirisha cha kuomba nenosiri huvuruga skrini nzima. Weka epg-pinentry-mode iwe 'loopback, nenosiri litaombwa kwenye minibafa, ule mstari wa chini kabisa wa Emacs. Hasara yake ni kwamba sasa nenosiri linapita ndani ya Emacs yenyewe, na Emacs yenye programu-jalizi za kuokoteza kila mahali si pa kupitisha nenosiri kwa moyo mweupe.

Hapo ndipo penye jambo ambalo maelekezo mengi yanaliruka. Faili limefungwa, sawa, lakini maandishi yaliyo wazi yana njia nyingine za kutoka. EasyPG inaposimbua huandika kwanza kwenye faili la muda, inalisoma, kisha inalifuta. Kama /tmp yako, folda ya mafaili ya muda, iko kwenye RAM, kama ilivyo Fedora, hakuna neno, lakini kama iko kwenye diski fikiria kuifunga diski nzima. Programu-jalizi ya undo-tree ikiwekwa ihifadhi historia ya mabadiliko, inaweza kuyaandika yale uliyoyafuta kwenye faili lake, wazi kabisa. Savehist, inayotunza historia ya Emacs, ukiiambia ikumbuke vilivyokatwa na kunakiliwa, namba ya simu ya mshiriki uliyoinakili jana itakaa kwenye folda ya mipangilio yako. Na jina la faili halifichwi kamwe. Ukiliita jina la mtu, umeshamtaja.

Org-crypt nayo nimeijaribu, ile inayofunga kichwa kimoja tu ndani ya faili refu lililo wazi. Unabandika lebo ya crypt kwenye kichwa, na ukihifadhi kinachofungwa ni yale yaliyo chini yake. Kichwa chenyewe kinabaki wazi. Kwa shajara inafaa. Kwa orodha ya washiriki niliiacha, sitaki faili ambalo nusu yake ni siri na nusu si siri.

Faida ndogo niliyoipata bila kuitafuta ni .authinfo.gpg. Manenosiri ya baruapepe na ya seva nayaandika humo, mstari mmoja kwa kila moja, na Emacs inayachukua yenyewe inapoyahitaji. Kabla ya hapo yalikuwa wazi kwenye faili la mipangilio, na watu wengi bado wanayaweka hivyo.

Kama Emacs yako inaganda kabisa pale unapohifadhi faili la .gpg, usianze kuivunja mipangilio yako. Tazama kwanza toleo la GnuPG, 2.4.1 ya mwaka 2023 inajulikana kwa kugombana na Emacs hivyo, na dawa yake imeshaandikwa na wengi.

Wa Vim, kihariri kingine, wataniuliza. Vim ina usimbaji wake, ule wa amri ya :X, lakini njia yake ya zamani inayoitwa zip ni dhaifu, blowfish ya kwanza nayo ilikutwa na kasoro, na Neovim, iliyotokana na Vim, waliuondoa kabisa. Anayebaki Vim aitafute programu-jalizi ya vim-gnupg, inayotumia GnuPG hiihii na inazima faili la swap na viminfo, ambamo maandishi yangeweza kubaki wazi. Kwa kufungua na kuhifadhi sioni tofauti kubwa na nilichonacho. Nilibaki Emacs kwa sababu ya majedwali ya Org.

Ningempa nani? Mtu anayeandika ndani ya Emacs tayari, leo hii aanze, ni dakika chache. Mtu asiyeijua Emacs, nisingemwambia ajifunze kihariri kizima ili afunge faili moja. Mwenzangu yule anatumia programu ya Kleopatra iliyokuja na Gpg4win, na kwa mambo ya funguo, yaani kuongeza muda, kuona uliokufa, kutoa nakala, amenipita mbali, maana vyote ni vitufe. Akifunga faili huko linatoka na .gpg, nalifungua huku kwa C-x C-f, naongeza washiriki wapya, nahifadhi, namrudishia. Ila akinitumia ujumbe mfupi kwenye faili la .asc, yaani uliofungwa ukaandikwa kwa herufi za kawaida, Emacs hailifungui yenyewe kama .gpg, nalifungua kama maandishi ya kawaida, kisha M-x epa-decrypt-armor-in-region.