Kupima AC ya gari kama inavujisha gesi hapa Arusha, uzoefu wangu na Noah

Wakuu, kuna watu wengi hapa mjini kila joto likianza wanajaza gesi ya AC na hawajiulizi ile ya mwaka jana ilienda wapi. Gesi ya AC haiishi kama petroli, inazunguka mle mle kwenye mabomba, inatoka kwenye kompresa inaenda kondensa pale mbele ya rejeta inaingia evaporeta ndani ya dashibodi inarudi tena, kwahiyo ikipungua ghafla ujue kuna mahali inatokea. Mimi nimelipia kutafutiwa hapo mahali, na nasema nilichokiona, kizuri na kibaya.

Gari ni Noah, nabeba nayo wageni wa uwanja wa ndege wa KIA na mara nyingine familia zinazoenda Same. Najua kuna wanaosema Arusha baridi bwana AC ya nini, sawa, teremka Moshi mwezi wa pili saa nane mchana na gari imejaa halafu urudi tuongee. Na hata mwezi wa saba vioo vikishika ukungu asubuhi AC ndo inavikausha haraka kwa sababu inatoa unyevu hewani, feni peke yake inapuliza tu.

Mafundi wa mwanzo (siwataji) dawa yao ilikuwa moja, wanafunga geji, wanasukuma gesi, AC inapiga baridi safi, unalipa, baada ya muda inarudi kutoa upepo wa vuguvugu. Mmoja akaniambia kompresa imekufa nitafute nyingine. Wala haikufa, gesi ikishuka sana kuna swichi ya presha inaikatia umeme, maana mafuta ya kuilainisha yanatembea na hiyo hiyo gesi, ikizunguka bila gesi inajisaga.

Ndo dereva mmoja wa watalii akanielekeza gereji iko mtaa wa Unga Limited, wao kipimo wanakitoza peke yake, nililipa elfu arobaini, matengenezo ni hesabu nyingine.

Fundi ni chalii mdogo tu ila ametulia. Kwanza hakugusa mashine yoyote, alichukua tochi akapita kwenye maungio yote anatafuta vumbi lililolowa mafuta, kwa sababu gesi ikivuja inatoka na mafuta na vumbi letu hili linaganda hapo hapo. Halafu akazima gari kabisa akaleta kile kidude cha kunusa gesi, kinalia ti ti ti kikikaribia. Nikamuuliza mbona na feni unazima, akasema "Mzee feni ikizunguka inapeperusha gesi yote, hiki hakitasikia kitu." Anakipitisha upande wa chini wa bomba, taratibu mno, maana hii R134a, ndo gesi yenyewe ya AC, ni nzito kuliko hewa inashuka. Akakiweka mpaka kwenye kimpira kinachodondosha maji ya AC chini ya gari, kwamba evaporeta ingekuwa imetoboka ingesikika hapo. Kimya. Nilishukuru Mungu, kushusha dashibodi nzima sio mchezo.

Kikalia kidogo mbele karibu na rejeta, halafu kikalia tena kwenye uvungu kwa nyuma. Hapa ndo nilimkubali, hakukiamini. Anasema kinaweza kulia hata kwa dawa za kusafishia injini. Akaivuta gesi iliyobaki kwa mashine ikaingia kwenye mtungi (haachii hewani, R134a inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi), akasukuma naitrojeni kavu mpaka presha ya kama baa 10, akapaka povu la sabuni. Mbele hakuna kitu. Nyuma, kwenye lile bomba la alumini linalopita chini kupeleka gesi AC ya abiria wa nyuma, vipovu vinachemka kama mbege. Ni mawe ya njia za changarawe yalilipiga likachubuka na kuoza, gari lenyewe halina kosa.

Sasa kuhusu wale wanaopima kwa vakyumu peke yake, wanavuta hewa, wanaangalia mshale, ukisimama wanasema gari zima. Vakyumu ni ya lazima kabla ya kujaza kwa sababu inakausha maji kwenye mfumo, ila kama kipimo mimi siiamini tena, ile nguvu haifiki hata baa moja wakati gesi ikifanya kazi inasukuma mara nyingi zaidi, na kuna oringi (kile kimpira cha duara cha kuziba maungio) inayovuja ikisukumwa kutoka ndani lakini ukivuta inajibana inaziba. Halafu huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, mshale wa vakyumu unaishia kama inchi 25 za zebaki, zile 29 za kwenye video ni za watu wa pwani, usikubali mtu akuuzie pampu au akwambie gari inavuja kwa sababu hiyo tu.

Na kuna wanaojaza upepo wa tairi kutafuta tundu! Ule una maji ndani, ukikaa na mafuta ya kompresa unatengeneza asidi.

Wamebadilisha kile kipande cha bomba, oringi zake na draya (kile kichujio kinachonyonya unyevu), gesi wakaipima kwa mzani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko ndani ya boneti, sio kwa kukisia. Wakaweka na rangi ya UV ili siku nyingine ikivuja ionekane kwa taa.

Mabaya yapo. Niliambiwa masaa mawili nikatoka giza linaingia, pa kukaa ni kreti ya soda, risiti mpaka ukumbushe, na bomba walilileta kwa bei ambayo nina uhakika nilipigwa kidogo, ningetafuta mwenyewe dukani ningeokoa hela.

Ila msimu wote wa joto umepita na AC ya nyuma wageni wananiomba nipunguze. Ukienda nenda asubuhi injini imepoa, na usisubiri gesi iishe kabisa ndo upeleke, kile kidude hakina cha kunusa ikiwa tupu. Jumapili hawafungui.