Rauta ya Makita RP2301FC chini ya meza, miezi minane ya kuchonga moldingi

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, kazi kubwa ni milango ya paneli, fremu na moldingi za kuzungushia, yani zile fito za mbao za urembo. Rauta hii, mashine ya kuchonga kingo za mbao kwa kisu kinachozunguka (ndo biti), niliinunua nikaifunga chini ya meza biti ikitokeza juu, sasa ina miezi minane, na kuna kijana kaniuliza juzi achukue ipi, jibu lake ndo hili.

Ile niliyokuwa nayo mwanzo haikuwa na pa kupunguzia spidi, ukiwasha inaenda yote, na mimi nilikuwa naifungia biti ya paneli yenye upana wa milimita 80. Piga hesabu tu, biti ya 80 ikizunguka mara 22,000 kwa dakika ule ukingo wa kisu unakimbia zaidi ya kilomita 330 kwa saa, yani mara mbili ya treni ya SGR ikiwa kwenye 160 yake. Biti ya 12 kwa mzunguko huohuo ni kama 50 tu. Kwahiyo mashine ni moja lakini ukibadili biti umebadili hatari, na mafundi wengi hatukufundishwa hilo.

Hii Makita ina kigurudumu cha spidi, kutoka 9,000 mpaka 22,000. Biti pana naiweka kwenye 10,000 hivi, mlio unatulia, mbao haiungui, meza haitetemeki. Ukiwasha inapanda taratibu, haishtuki. Nguvu ni wati 2,100, mninga mkavu inakula vizuri ila usiwe na pupa, shepu yenye kina cha milimita 12 mimi naipitisha mara nne, kila mara napandisha biti kidogo, ya mwisho nyembamba kabisa ndo inatoka laini hata msasa unapita mara moja tu.

Sasa kidole changu. Hii ilinitokea na ile ya zamani lakini ingenitokea na yoyote. Nilitaka kupunguza ufito, nikarudisha fensi (ule ubao wa kuegemezea mbao juu ya meza) nyuma nikaupitisha KATI ya fensi na biti. Ule ufito haukusubiri nisukume, biti iliunyakua ukaruka mpaka mlangoni na mkono wangu ukaufuata, ukucha wa kidole cha pete ukapasuka katikati. Namshukuru Mungu haukuwa mkono mzima. Mbao inakaa upande wa mbele wa biti siku zote, na kwenye meza unasukuma kutoka kulia kwenda kushoto, yani biti inakuja kukutana na mbao. Ukisikia mbao inavutwa yenyewe ujue umekosea upande.

Toka siku hiyo nimetengeneza vichana viwili, kipande cha mbao nakipiga mistari ya msumeno kichwani kinakuwa na meno kama kitana, kimoja kinabana mbao kwenye fensi kingine kinaikandamiza chini, ikitaka kurudi nyuma yale meno yanaishika. Kusukuma natumia kijiti. Ufito mwembamba siuchongi ukiwa mwembamba, nachonga ukingo wa ubao mpana halafu ndo naupasua kwenye msumeno. Glovu sivai mashine ikizunguka, kitambaa kikinaswa kinavuta mkono. Kubadili biti lazima nichomoe plagi kwanza, kuzima swichi tu hakutoshi, na shina la biti, ile sehemu inayoingia kwenye mashine, likigonga chini nalivuta juu kidogo kabla ya kukaza, la sivyo inaweza kulegea ukiwa kazini.

Mvule uangalieni sana. Ndani mara nyingine una mawe, kweli mawe meupe, biti mpya inapigwa pengo sekunde moja. Na vumbi lake linachoma pua na kubana kifua, nilikohoa wiki nzima nikidhani ni mafua, sasa barakoa ya vumbi siiachi na nimefunga bomba la kunyonyea nyuma ya fensi.

Hii Makita ina kilo 6 kwahiyo kwa kazi ya kushika mkononi siku nzima utachoka, chini ya meza uzito hauna habari.

Kijana wangu, kama ni kulainisha kona tu rauta ndogo inakutosha. Kama unaingia kwenye paneli chukua yenye spidi, na biti nunua za shina la nusu inchi, zile za shina jembamba kwenye mbao ngumu nimeshaona moja ikipinda.