Rivyu ya kiraka cha Dirty COW: nyota 4 kati ya 5

Wenzenu wanarivyu simu na chipsi mayai, mi leo narivyu kiraka cha kerneli, yaani marekebisho ya kile kiini cha mfumo wa kompyuta, mnivumilie. Ni kile cha Linux cha Oktoba 2016, cha kuziba tundu la usalama lenye namba CVE-2016-5195, mtaani linajulikana kama Dirty COW (COW ni copy-on-write, kutoa kopi pale mtu anapotaka kuandika). Nimekirudia wiki hii sababu kuna jamaa tunapiga naye kazi kaziba tundu kwenye programu yetu halafu sehemu ya maelezo kaandika "nimefix", basi, kaenda kulala. Nikamtumia maelezo ambayo Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliyaambatanisha na kiraka hiki, nikamwambia kaka hebu soma hii kwanza.

Shida yenyewe iko hivi. Chukulia kerneli ni karani ana faili orijino, we unaruhusiwa kusoma tu, ukitaka kuandika anakutolea fotokopi uchore unavyotaka. Karani ana kidaftari, kaandika "huyu anataka kuandika". Akishatoa kopi anafuta yale maneno, anajua yameisha. Sasa kabla hujagusa ile kopi mwenzako anaitupa kwenye pipa, karani anarudi anaona kopi haipo, anacheki daftari halina kitu, anasema aah huyu msomaji tu, anakupa orijino na kalamu unayo mkononi. Ndo hivyo. Kwenye kompyuta, thredi moja (kazi moja ndani ya programu) inaandika kupitia /proc/self/mem, faili la memori ya programu yenyewe, nyingine inapiga madvise, yaani inaiambia kerneli kwamba ukurasa huu wa memori siutaki, zinakimbizana weee mpaka siku karani anakosea, na yuza wa kawaida anajikuta kaandika kwenye faili la ruti, yule mwenye mamlaka yote kwenye mashine. Hilo tundu lilikuwa wazi tangu toleo 2.6.22 la 2007 (mzizi wake ni wa zamani zaidi, utaona), na Android nazo zilikuwemo humohumo.

Dawa yake ni fupi mpaka unacheka, mistari haifiki ishirini, karibu yote kwenye faili moja la kodi, mm/gup.c. Karani haruhusiwi tena kufuta, anaongeza alama mpya FOLL_COW yaani "kopi nilishatoa", na kabla hajaiamini hiyo alama anahakikisha ukurasa wenyewe una alama ya dirty, yaani umeshaandikwa. Nimeipenda kwa sababu haijabadilisha ratiba ya mtu, haijaongeza kufuli jipya, imeacha tu kusema uongo kwenye daftari.

Ila kilichonifanya nikipe nyota nne ni maandishi. Linus anaanza kwa kusema hili ni bagi la kale na yeye mwenyewe alijaribu kulitengeneza miaka 11 nyuma, akalitengeneza vibaya!! Mkubwa wa Linux nzima anaandika hivyo mbele ya dunia. Halafu anakutajia komiti (badiliko la kodi lililohifadhiwa) ile ya zamani, anakutajia iliyokuja kuifuta kwa sababu mashine za s390 za IBM zilikuwa zinasumbua, anakutajia na iliyotibu hiyo s390 kwenye toleo 3.9 la kerneli, kwa hiyo unaelewa kwa nini sasa inawezekana na zamani ilishindikana, na kwa nini zile mbio za thredi ambazo zamani zilikuwa za kwenye makaratasi tu siku hizi zinatokea kweli. Aya chache tu. Hata aliyeripoti katajwa na utani juu, Phil "not Paul" Oester.

Nyota moja nimeikata, na sioni aibu. Kwanza ukisoma yale maelezo huoni popote kwamba huu ni mlango wa kuingilia ruti, wakati Oester alilikuta tayari linatumika, alilinasa kwenye trafiki ya HTTP iliyokuwa inaingia kwenye seva. Mtu wa seva akipita harakaharaka anaona usafi wa kawaida anaendelea na chai yake. Pili kurasa kubwa za memori, zile zinazoitwa THP, hazikuguswa, kiraka cha kuzishughulikia kikaja 2017 nacho kikatoboa pengine, Novemba likazaliwa tundu jipya, CVE-2017-1000405.

Kwa mwenye seva ya kizamani piga amri uname -r ikuonyeshe toleo la kerneli, kama ni kerneli ya asili isiyoguswa na kampuni basi 4.8.3, 4.7.9 na 4.4.26 ndo zilianza kuwa na kiraka. Ubuntu na Red Hat wana namba zao, huko usiangalie namba soma changelog, ile orodha ya mabadiliko. Na ukishaapdeti ristati, nimeshakuta seva kiraka kimeingia ila kerneli inayokimbia ni ileile ya mwanzo.

Yule jamaa wa "nimefix" kanijibu kwa dole gumba.