Daraja la Gita la Besi la Zamani: Lipi Ununue Ukiwa Malindi

Besi za zamani hapa Malindi zimepita mikono mingi: bendi ya hoteli, kikundi cha taarab, kisha kijana anayeanza. Mbao mara nyingi bado ni nzima. Kinachochoka ni daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini mwa gita, maana nyuzi nne kwa pamoja hulivuta kwa nguvu ya kilo 75 hivi usiku na mchana, huku chumvi ya bahari ikila skrubu.

Kabla hujatoa pesa, acha nyuzi zikiwa zimekazwa, upenyeze kipande cha karatasi chini ya daraja kwa nyuma. Kikiingia hadi katikati, limeinuka. Zishike na skrubu zake. Zikicheza, mbovu ni mbao, na daraja jipya halitakusaidia. Seremala azibe matundu kwa kijiti cha mti mgumu na gundi, kisha atoboe upya.

Kwa besi za aina ya Fender, kampuni ya Marekani, chaguo langu la kwanza ni bamba la chuma lililokunjwa, kama lile la besi yao ya Jazz Bass ya 1960. Wengi hulidharau kwa wepesi wake. Mimi nalitetea kwa moyo wote: likipinda, fundi wa jua kali atalibana kwenye jiliwa alinyooshe. Tafuta lenye bamba nene, na vile viskrubu vidogo vya kuinulia nyuzi uvibadilishe uweke vya chuma cha pua. Vile vya asili ndivyo vinavyoganda mwanzo. Kitundu chake cha pembe sita hujaa kutu, ufunguo unazunguka bure ukikwangua kingo, na uzi unabaki kimo kile kile hadi skrubu itobolewe. Pima pia nafasi kati ya nyuzi, ambayo kwa Fender nyingi ni milimita 19. Kutoboa matundu mapya kwenye gita la zamani kunaliharibia bei.

La pili ni Gotoh 201 kutoka Japani. Ni zito, vitandiko ambavyo nyuzi hulalia ni vya shaba, na linakaa kwenye matundu yale yale matano ya Fender. Shaba hufifia rangi lakini hailiki na kutu kama chuma. Bei ndiyo iliyolishusha.

Mwenye besi ya Rickenbacker 4001 ana shida ya peke yake: daraja na kishikio cha nyuzi vimeungana katika kipande cha kumimina, na ncha ya nyuma huinuka. Usikipige nyundo, kitapasuka. Nunua la kampuni ya Hipshot lililotengenezewa gita hilo, na la asili ulihifadhi kwa siku ya kuuza.

Besi ya Höfner 500/1 haihitaji ununuzi mkubwa. Daraja lake la mbao linashikwa na mkazo wa nyuzi tu, basi liwekee alama ya penseli kabla ya kuzilegeza.

Yale madaraja ya zinki yasiyo na jina, yanayong'aa krome kwenye picha, nayaweka mkiani kabisa. Krome hututumka kwa hewa ya bahari, na zinki hukatika penye skrubu. Usiyachukue hata kwa bei ya kutupa.