Nimelipia masaji ya fasia ya taratibu, nikapewa kiwiko

Jamani hasira haijaniisha. Mie ni fundi cherehani, nainama kutwa, bega la kulia likakaza mpaka kunyoosha mkono kuchukua kitambaa juu ya kabati ni shida. Juzi juzi nikaenda sehemu moja hapa Dar, bango lao limeandikwa kabisa masaji ya fasia, laini, haiumizi.

Kwa wasioijua, fasia ni ule utando mweupe unaouona kwenye nyama buchani, na sisi tunao, umezunguka kila msuli, tabaka kwa tabaka, na katikati kuna ute unaofanya tabaka ziteleze. Una mishipa ya fahamu kibao. Ndo maana haupigwi nguvu, mikono inawekwa mikavu maana kwenye mafuta inateleza haishiki kitu, inavuta polepole halafu inatulia palepale hata dakika 3 mpaka 5 mpaka pakubali. Dada yangu alifanyiwa na mtu wa fiziotherapia nikiwepo, najua nachosema.

Sasa yule kaka kaingia, hajauliza panauma wapi, kamwaga mafuta mgongo mzima, kiwiko hicho! Namwambia kaka unaniumiza, nimelipia ile ya taratibu, anajibu "vumilia dada, bila maumivu haiachii". Mtu ukiumizwa si ndo unazidi kujikaza? Simu yake ikaita AKAPOKEA, kiwiko bado kipo begani kwangu. Watu wanaisomea hii kitu, kongamano la kwanza la utafiti wa fasia lilifanyika Boston 2007, halafu mwingine anaiandika tu bangoni.

Nikapiga kelele. Dada wa mapokezi eti wateja wengine hawalalamiki. Ila akaniletea mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia, akaniuliza "hapa vipi mwanangu?", akaweka viganja viwili tu, kimya, anasubiri. Wallahi bega lilishuka lenyewe, usiku nikalalia ubavu ule ule. Sisemi inatibu kila kitu, ila kwa bega langu ilifanya kazi. Kwa huyo mama ningewapa nyota zote, ningesema nendeni mkamuulizie yeye.

Ila hapana. Mama nilipewa dakika za mwisho tu, hela wamekata ya saa zima, na alama ya kiwiko bado ipo, imegeuka kijani. Msiende, mpaka wamtoe yule kaka au wamrudishe kwa huyo mama akafundishwe, na nusu ya hela yangu naitaka.